Kiota cha Kasa cha Mwalimu Sadalla

“Mtoto nitakayemfundisha mimi, hakuna mnyama wa pwani hii atakayemficha anakoishi.”

Mwalimu Sadalla aliyasema hayo mwaka 1954, siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi wote wa Tongoni. Wakapiga makofi. Walikuwa juani tangu asubuhi, wangempigia hata punda ilimradi amalize.

Lakini hakuwa mtu wa maneno matupu. Shule nyingine watoto waliimba kuwa simba hukaa porini, simba wasiyemwona mpaka wazeeke. Yeye alikunja suruali akawaingiza kwenye mikoko, wakajua kaa yupi ana tundu lipi. Shule ilipofunguliwa akawapeleka ufukweni, akawaonyesha alama za kasa, pana kama za tairi la lori, na namna ya kutafuta kiota. Unachoma mchanga kwa kijiti, polepole. Kikizama chenyewe, mayai yapo chini. Wakapata kimoja, wakakifukia tena.

“Siku ya sitini tutakuja kuwatazama kasa wadogo wakitoka,” akawaambia. Kila asubuhi akawa anachora mstari mmoja ubaoni.

Mkewe, Semeni, aliyeharibikiwa mimba tatu, alimtania: “Safari hii unalea mia, baba.”

Mistari ilipofika tisa, Mboni, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, alikuja nyumbani na kikapu kichwani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Mboni.”

“Baba amekuletea fungu lako. Anasema bila kijiti chako tusingeyapata.”

Mwalimu akafunua. Mayai ya kasa, meupe, mchanga bado umeyashika.

“Mmechimba kile chetu?”

“Chetu na vingine vinne. Baba alichoma akakosa, mimi nikapata vyote. Nimepatia, mwalimu?”

Katika somo lake lote hakuwa amesema hata mara moja kwamba yasiliwe. Yeye mtu wa Chumbageni, mjini Tanga, alidhani anayejua kiota kilipo atakilinda. Tongoni mayai ya kasa yalikuwa kitoweo tangu enzi za mababu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwafundisha kuyatafuta vizuri.

“Umepatia,” akasema.

Semeni hakumtania. Aliyafukia nyuma ya nyumba, ingawa alijua hayataanguliwa.

Kesho yake Mwalimu Sadalla alifuta mistari ubaoni, akafungua kitabu kwenye picha ya simba. Mpaka anahamishwa, hakuwatoa tena watoto nje ya darasa.

Wiki ile mayai ya kasa Tongoni yalijaa hata bei ikashuka, yakauzwa matano kwa senti kumi.