Mkoba Mlangoni mwa Lifti

Umewahi kukataliwa kwa adabu mpaka ukatamani bora utukanwe? Kama bado, muulize Prabesh Thapaliya, kijana wa Kinepali aliyekuwa akitafuta kazi ya kuandika programu za kompyuta mjini Fukuoka. Kampuni zilimshukuru, zikamsifu, zikamtakia heri, na kazi zikawapa wengine. Chuo alikwisha kumaliza, na kibali chake cha kuishi Japani kilikuwa ukingoni. Asipopata mwajiri upesi, angepanda ndege arudi kwao mikono mitupu.

Aliyeishi naye chumba kimoja, kaka Lokendra, mpishi wa mgahawa wa Kinepali, ndiye aliyemnoa kwa usaili.

"Wakikuuliza makosa yako, sema huna. Nani anaajiri kosa?"

"Kaka, juzi si umeunguza wali?"

"Kwani niliwaambia wateja?"

Siku ya usaili Prabesh alikwenda kwenye kampuni ndogo inayotengeneza programu za zahanati. Mkurugenzi, Bwana Kusakabe, na fundi mkuu, Bibi Tokunaga, walimuuliza ni kosa gani amewahi kulifanya, na alilitafutaje mpaka akalipata. Prabesh akakariri jibu lake: yeye hukagua kila kitu, hakosei. Bibi Tokunaga akailaza kalamu mezani, na Prabesh akajua mambo yameharibika. Jamani, mtu avuke milima na bahari, ajifunze maandishi ya watu yasiyo na mwisho, halafu aangushwe na woga wa kusema kweli!

Walimsindikiza hadi kwenye lifti. Desturi ni kumwinamia mgeni mpaka mlango ufungwe, naye mgeni ndani huinama vilevile. Wakainama. Mlango ukaja, ukafika nusu, ukarudi. Wakainama tena, nao ukarudi tena. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua kichwa. Prabesh aliilaani lifti ile kimoyomoyo, huku mabega ya Bibi Tokunaga yakianza kutikisika kwa kicheko alichokibana.

Mwishowe Prabesh akasimama wima. Mlango ukaanza kufungwa. Akainama, ukafunguka. Ndipo alipoutazama mkoba wake wa begani.

"Samahani," alisema. "Nilidhani lifti ni mbovu. Kumbe kila nikiinama, mkoba unaning'inia mlangoni. Kosa ni langu."

Bwana Kusakabe akauzuia mlango kwa mkono.

"Bwana Thapaliya, hilo ndilo jibu tulilokuwa tukilitaka mle ndani. Rudi tukae."

"Mkoba utaubeba mkononi," akasema Bibi Tokunaga, akifuta machozi.

Safari hii Prabesh aliwamwagia makosa yake yote ya chuoni, na jinsi alivyoyasaka, mpaka chai ikapoa. Alitoka na ahadi: kesho asubuhi aje kusaini mkataba, nao watakishughulikia kibali chake.

Kaka Lokendra aliposikia, alishika kiuno. "Yaani mimi nimekufundisha mwaka mzima, halafu unatafutiwa kazi na mkoba?" Kisha akapika wali, na hakuuunguza.

Asubuhi yake Prabesh aliwahi. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga mbele ya jengo kwa mazoezi ya viungo ya kila asubuhi, redio ikihesabu, mikono juu, mikono chini. Akasimama ng'ambo ya barabara, asijue aingie vipi. Bibi Tokunaga akamwona. Bila kushusha mikono, akamsukuma jirani yake kwa nyonga, naye akamsukuma aliyefuata, mpaka katikati ya mstari ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.