Kibao cha Swichi Kilichochomelewa

Nilimwambia fundi wa kuchomelea mara mbili, maana mimi nikisema kitu mara moja huwa sijakisema. "Kibao hiki kitoke. Matundu manne, bolti nne, nati zile za kufungua kwa vidole."

Kibao chenyewe kilikuwa na swichi sita za kuendeshea treni yangu ndogo ya mezani, ninayofundishia umeme. Meza hukunjwa katikati kama sanduku, lakini kibao hukaa ubavuni kwa nje, kwa hiyo safarini lazima king'olewe. Kesho yake darasa moja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma lilikuwa limepewa saa moja kuiona. Watoto ambao treni wanaijua kitabuni tu.

Asubuhi nilikikuta kibao kimechomelewa pembe zote nne. Nilizihesabu, nikarudia. Nne.

"Ejok, mwalimu," fundi akaniambia kwa Kiturkana, yaani mambo ni mazuri, ametulia kabisa.

"Ejok gani? Nilisema kitoke!"

"Hii Lodwar ya wezi, mwalimu? Kitu ya kutoka itatoka na mtu. Nimekusaidia."

Na bolti zangu nne? Alikuwa amefungia nazo benchi lake.

Gari la Kakuma lilikuwa linapiga honi. Dereva alinipa nafasi ya meza bila kibao, kama tulivyopatana. Nilibishana naye mpaka akasogeza gunia la samaki wakavu kutoka Kerio, lakini barabara ilipoanza kuruka gunia nalo lilirudi kudai mahali pake. Swichi sita ziliondoka Lodwar. Kakuma zilifika nne. Mbili zilibaki vipande vipande, zinanuka samaki.

Mwalimu wa darasa, Mkongo mpole, alinipokea mlangoni. "Tuko na saa moja tu, mwalimu. Kisha wengine wanaingia."

Meza haikupita mlangoni. Kibao kilikwama kwenye fremu, na watoto wote wakasimama kutazama.

"Hiyo ndiyo treni?" akauliza msichana mmoja wa mbele.

"Hiyo ni ujinga wa mtu mwingine," nikamjibu. "Treni iko ndani."

Mwalimu akaazima msumeno wa chuma. Nilikata pembe moja moja, jasho machoni, na kila pembe nilimtaja yule fundi kwa jina ambalo halifai darasani. Dakika arobaini! Kibao kilipoanguka, darasa likapiga makofi kana kwamba onyesho ndilo hilo. Nilikifunga ubavuni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikaunganisha kwa mkono nyaya za swichi zilizovunjika, nikabonyeza.

Treni ilizunguka mara tatu. Nikahesabu upya kichwani: tatu. Kengele ikalia.

"Imeisha?" msichana yule akauliza.

Nikaanza kukunja meza, darasa lingine likiwa tayari mlangoni.

Jumatatu niliingia kwa fundi, kibao kwapani. Akakitazama, akatabasamu.

"Si nilikwambia? Imetoka na mtu."

Sikucheka. Nilimwambia afungue benchi lake, bolti moja moja, mbele yangu. Benchi likalala chini. Nilisimama juu ya kichwa chake mpaka akatoboa matundu manne, kisha nikakifunga kibao kwa vidole vyangu mwenyewe na kukifungua. Nikakifunga tena, nikakifungua.

"Mara mbili ya nini, mwalimu?"

"Ya kwanza yangu. Ya pili ya yule msichana. Narudi kwake Ijumaa, na gunia la samaki litapanda gari lingine."