Kizibo cha Kamio

Kila mara kamio, lori letu la mizigo, ilipozimika njiani, wanaume walinitazama mimi.

Tulikuwa tumetoka Rutshuru asubuhi na magunia ya maharage na abiria wanaume juu yake, tukienda Goma. Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva, nami nimeketi mbele kando yake, mahali pangu. Tulipopita Rumangabo injini ikakohoa, ikazimika. Akashuka, akachomoa kizibo cha tangi aangalie mafuta. Yalikuwa tele. Akawasha, ikawaka. Tukaenda kidogo, ikazimika tena. Akachungulia tena, ikawaka tena.

Mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia ndiye aliyeanza. "Shofere, huyu mwanamuke analetea gari mukosi. Ashuke, aende na miguu."

Wenzake wakaitikia. Mume wangu, ambaye nyumbani sauti yake ilifika kwa majirani, akaninong'oneza, "Mama, panda kule nyuma kidogo, tuone."

Nilichemka kwa hasira, lakini nikapanda. Injini ikazimika vilevile, katikati ya mawe meusi ya volkano. Mnadhani waliona haya? Sasa walitaka nibaki palepale barabarani.

"Siendi popote," nikawaambia. "Mwenye kuogopa mwanamuke ashuke yeye."

Nikaruka chini, nikamfuata mume wangu kwenye tangi. Mfuniko wa chuma ulikuwa umepotea siku za nyuma, naye akachonga kizibo cha mti, akakizungushia mpira, kikabana kweli kweli. Alipokichomoa nilisikia tangi likivuta pumzi, fyuu. Mimi nimekulia Masisi, kwa wafugaji, nikimimina maziwa. Kibuyu chenye mdomo mwembamba hakimimini mpaka kivute hewa, na hili tangi lilikuwa limenyongwa. Nikamnyang'anya kizibo, nikakitupa kwenye mawe. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikafunika tundu bila kukaza.

"Sasa twende." Nikarudi kukaa mbele, kichwa wazi.

Haikuzimika tena. Kwenye mwinuko wa Kibumba tulisimama kupakia viazi, na baridi ilikuwa imewashika sawasawa wale wa juu. Yule mzee akaja kugonga dirisha langu, meno yakigongana. Nikateremsha kioo nimsikie vizuri.

"Mama, usogee kidogo, na mimi niingie."

"Hapana, muzee. Mimi niko na mukosi, nisikuambukize."

Nikapandisha kioo.