Forosadi Mlangoni mwa Mzazi

Juzi nilipita soko la Gakoromone, pale wanapomwaga matunda yaliyopondeka, nikanusa forosadi. Kwetu Kibirichia tuliziita malberi. Tangu niache shule nimezurura miji mingi nikionja kila kinacholiwa, lakini harufu hiyo hunirudisha kwenye mlango mmoja tu.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na chakula hakipiti kooni. Juju, mamake baba, alimpikia uji mzito wa wimbi kama ilivyo desturi. Bakuli lilirudi limejaa. Maziwa hayakushuka. Mtoto alilia hadi sauti ikawa kama ya paka ndani ya gunia. Muuguzi alishauri mama ale matunda yaliyochumwa siku hiyohiyo. Juju akajibu kwamba muuguzi mwenyewe hajazaa, na kitu kichachu hukausha maziwa ya mzazi. Akaweka kigoda mlangoni, akakikalia.

Nilipochungulia dirishani, mama alininong'oneza, "Niletee malberi."

Nilizichuma kando ya shamba la viazi, nikaficha kikombe ndani ya sweta. Nilijiona mjanja sana, nisijue kwamba malberi hazifichiki. Juju alitazama doa jekundu likipanuka tumboni pangu.

"Umeumia, ama umeiba?"

"Ni za mama."

Ndani, mtoto alilia kidogo, akanyamaza ghafla, na ule ukimya ukatutisha sote wawili.

Juju akachukua kikombe. Nikangoja akimwage. Badala yake alitia tunda moja mdomoni, akalitafuna polepole, kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Kisha akaziponda zote ndani ya uji vuguvugu, bila sukari, uji ukageuka zambarau. Akaingia nao.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia mama. "Ikiwa kuna ubaya, uwe wangu."

Mama alimaliza bakuli. Jioni mtoto alinyonya kwa kelele kama ndama. Shukrani yangu ilikuwa kutumwa kufua sweta.

Kwa miaka mingi nilimhesabu Juju kuwa mkaidi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo shangazi aliponiambia kwamba Juju alimzika binti yake wa kwanza, aliyefariki punde tu baada ya kujifungua, na majirani wakasema aliuawa na matunda ambayo Juju alimlisha. Kumbe siku ile hakukaa mlangoni kunizuia mimi. Alikuwa akitafuta nguvu za kuinuka kwenye kile kigoda.