Mwaka Hodan Aliponenepa

Harufu iliyonibakia ya mwaka ule ni ya sukari. Ilichemka pamoja na majani ya chai na iliki katika birika jeusi, ikaganda kwenye pazia la chumba chetu cha mabati huko Iftin, mjini Garissa. Tulikuwa tumehamia hapo kutoka Hulugho baada ya mvua kukataa kunyesha. Baba alikuwa amewaswaga ng'ombe waliosalia kuelekea Ijara kutafuta malisho, na maziwa yakaondoka naye. Kule malishoni maziwa ndiyo yaliyokuwa mlo wa mchana, na jioni Hooyo, mama yetu, alitugawia nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hakuna aliyetufundisha habari za protini, mafuta na wanga. Mifugo ndiyo iliyotupimia.

Mjini tulijipimia wenyewe, tukakosea. Chakula cha msaada kilikuja na mchele, mafuta na maharagwe. Maharagwe yalimaliza kuni, yalijaza tumbo gesi, na watoto wa jirani walitucheka: "Wafugaji gani nyinyi, mnatafuna chakula cha punda?" Basi Hooyo akawa anayapeleka dukani kubadilishana na sukari. Sukari ilikuwa na heshima. Mgeni hakaribishwi kwa maharagwe, hukaribishwa kwa chai. Tukala wali uliomwagiwa mafuta, tukateremshia chai tamu isiyo na maziwa, asubuhi na jioni. Tulishiba. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo: hakuna aliyelala na njaa.

Kisha Hodan, mdogo wangu aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, akaanza kunenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene kama ya mtoto wa tajiri. Eeddo Halima, dada yake baba, alipokuja kututembelea alipiga makofi ya furaha. "Mashallah! Huyu ameshauonja mji!" Hata nywele zake zilipogeuka rangi na kuwa nyekundu, watu walitania kwamba amepata damu ya Waarabu. Kwetu unene wa mtoto ni sifa ya mama, na sifa huvuta jicho. Hooyo alimfunga hirizi shingoni, akamfunika kwa shuka kutwa nzima ili wapita njia wasimwone.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na tayari nilikuwa na tabia ya kuuliza iliyonichosha hata mwenyewe. Mtoto aliyenenepa mbona hachezi? Hodan aliyekuwa akiwafukuza wanambuzi sasa alikaa alipowekwa, akilia kilio chembamba, kama mtu anayelalamika usingizini. Siku moja nikimwosha miguu, kidole gumba changu kilibonyeza juu ya wayo wake kikaacha shimo. Nikangoja lijae. Halikujaa. Nilimkimbilia Hooyo nikamweleza, naye akanitazama kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. "Usimwangalie sana," alisema. "Jicho la ndugu nalo ni jicho."

Tangu hapo nilitembea nimeinamisha kichwa. Niliamini macho yangu ndiyo yaliyotoboa shimo lile. Nikiingia chumbani nilitazama sakafu, ukuta, birika, chochote isipokuwa mdogo wangu, na kila kilio chake kilinipiga kifuani kama shtaka. Waswahili husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunaficha maradhi tukidhani tunaficha baraka.

Ngozi ya mapaja yake ilipoanza kubanduka kama ya mtu aliyeungua, na akakataa hata chai, Hooyo alimbeba mgongoni tukaenda zahanati. Nesi hakujua Kisomali, na Hooyo hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, kwa hiyo nikawekwa katikati.

"Mama anampa nini huyu mtoto?"

"Wali na chai," Hooyo alijibu, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Na mafuta. Simnyimi kitu."

"Maziwa je? Mayai? Maharagwe? Si nyinyi ni wafugaji?"

"Mwambie maziwa yako Ijara na baba yako. Akitaka aende akakamue."

Nilitafsiri hadi Ijara, nikaishia hapo.

Nesi alibonyeza mguu wa Hodan, akatazama shimo lile lile, akashusha pumzi. "Mwambie mama mtoto hajanenepa. Amejaa maji. Ni unyafuzi, mwili umekosa chakula cha kuujenga. Mwambie anaweza kufa."

Nililijua kila neno katika lugha zote mbili, na katika zote mbili ulimi wangu ulikataa. Hooyo aliutazama mdomo wangu. "Amesema nini? Sema!" Nikasema. Hakulia. Alilivuta shuka taratibu, akamfunua Hodan mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, akasema, "Muulize tufanye nini."

Tulilazwa katika hospitali kubwa ya mji. Huko hofu ilibadilika sura tu. Eeddo Halima alikuja na ini la mbuzi lililokaangwa, wauguzi wakalizuia mlangoni. "Mtoto anakufa kwa kukosa nyama, nanyi mnamnyima nyama?" alifoka. Walimjibu kwamba mwili uliochoka haubebeshwi mzigo wote kwa mkupuo. Walimpa mtoto maziwa maalumu, kikombe kidogo kidogo. Na Hodan akaanza kusinyaa. Maji yalipomtoka, mashavu yalitumbukia na mbavu zikachomoza. Kwetu kupona kwake kulifanana kabisa na kufa, na nilikaa kando ya kitanda nikisubiri pumzi iliyofuata, kila pumzi. Hadi asubuhi moja aliponipiga kofi mkononi na kunipokonya kikombe kabla sijakifikisha kinywani mwake.

Chuo kikuu nimeuona mchoro wa sahani iliyogawanywa kwa rangi: sehemu hii nafaka, hii kunde na nyama, hii mboga, mafuta kidogo pembeni. Nauamini, ingawa aliyeuchora ameweka samaki na parachichi, na sidhani aliwahi kukanyaga Hulugho. Ninachokihoji ni kwa nini mtu aulizwe anakula nini baada tu ya kuugua. Leo maduka ya Iftin yamejaa tambi, soda na biskuti, na siku hizi daktari amemwonya Hodan apunguze wali, sukari yake ya damu imeanza kupanda. Yeye hakumbuki chochote cha mwaka ule. Juzi nilikuwa nikimpakulia chakula, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka akaishika sahani.

"Walaal, ndugu yangu, inatosha. Mimi nilitoka wodini zamani. Wewe ndiye bado uko kule."

Nilirudisha wali sufuriani, kijiko kimoja baada ya kingine.