Kinyunyizio cha Nne

Kuna Jumamosi moja ya Januari isiyonitoka kichwani, mwanangu. Najua bado hujazaliwa, na mimi mwenyewe nina miaka kumi na sita tu, lakini kuongea na watu ana kwa ana hunishinda. Kwa hiyo nakuandikia wewe mapema, kabla sijawa mtu mzima nikajifunza kuificha aibu hii.

Jumamosi hiyo Baba aliamua kuwekea nyasi zetu vinyunyizio, vile vinavyofukiwa pamoja na mabomba yake, na maji yakifunguliwa vichwa vinachomoza na kuanza kuzunguka. Boma letu liko Nyamasaria. Zamani lilikuwa shamba, sasa tumezungukwa na nyumba za kupangisha. Wageni wa mahari ya dada yangu walikuwa waje wiki iliyofuata, na Baba alitaka wakute kijani.

Fundi alikuwa Bwana Ouma, mtu wa maneno mengi. Aliutazama udongo wetu mweusi, uliopasuka nyufa za kuingiza mkono, akatikisa kichwa.

"Mzee, tungoje mvua ya Machi ifunge hii ardhi. Nikifukia sasa, udongo ukija kuvimba utavunja viungo vyote."

"Na wageni nao wangoje Machi?"

"Kwani wanakuja kuoa msichana ama nyasi?"

Baba alicheka, lakini hakubadilisha nia.

Kulikuwa na sababu ya pili ya kungoja, na tulioijua tulikuwa wawili tu, mimi na Dani, nyanya yangu aliyemzaa Baba. Dani alikuwa Sondu akimuuguza dada yake, na angerudi Jumapili. Siku moja tu, mwanangu. Sasa sikiliza. Baba anaitwa Odongo, na kwetu hilo ni jina la pacha wa pili, kwa hiyo kila mtu anajua kulikuwa na Opiyo aliyetangulia. Opiyo alifariki akiwa na miezi minane, kiangazi kama hicho, homa imemkausha midomo. Kaburi lake lilishasawazika na ardhi, halina hata jiwe. Dani alinionyesha mimi peke yangu: hatua sita kutoka mlango wa jikoni, ukielekea kwenye tangi. Baba hakuambiwa, asije akaishi akipakwepa. Kila alasiri Dani alipita hapo na kikombe cha maji, akamwaga, ungedhani anasuza kikombe tu.

Nilisimama dirishani nikiutazama mtaro wa mabomba ukisogea kuelekea pale. Nikamimina chai ili niwe na sababu ya kutoka.

"Baba..."

"Sema, Atieno."

Bwana Ouma naye akageuka kunitazama. Shingo ikaniwaka moto.

"Chai inapoa," nikasema.

Nikarudi ndani. Kosa langu lote liko katika maneno hayo mawili.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, hakuna jani lililotikisika. Kwingine kote jembe lilikuwa likilia kama limegonga mwamba. Hapo, hatua sita kutoka mlango wa jikoni, liliingia bila sauti. Bwana Ouma aliinama, akachota udongo, akaufinya, na maji yakamtoka katikati ya vidole. Dani alikuwa ameondoka siku tisa. Kikombe kimoja hakikai siku tisa katika ardhi ile.

"Mzee, kuna bomba la zamani hapa?"

"Hapo hakujawahi kuwa na bomba."

Bwana Ouma hakutania tena. Alifukia haraka. Pampu ilipowashwa, vinyunyizio vitano kati ya sita vilizunguka vizuri. Cha nne, kilichokuwa pale, hakikuinuka.

Kesho yake tulitoka kanisani tukakuta stima imepotea mtaa mzima. Nilikaa barazani na Baba. Pampu ilikuwa kimya, redio za majirani kimya. Kinyunyizio cha nne kikachomoza. Hakikurusha maji mbali. Kilizunguka polepole, kikiyatoa kidogokidogo, kama mtoto anayecheua maziwa, mpaka kikalowesha duara la urefu wa mkono. Kisha kikazama.

"Ni presha iliyobaki kwenye bomba," Baba akasema. Akasema tena, na mimi sikuwa nimeuliza.

Dani alifika saa kumi. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja hadi pale na mfuko wake mkononi.

"Nani amechimba hapa?"

"Ni mimi, Mama. Ni mabomba tu."

"Odongo, rudi nyuma. Umemkanyaga ndugu yako."

Baba alitazama miguu yake. Akavua viatu, kimoja kisha kingine, akavishika kama mtu aliyefika mlangoni pa watu. Dani akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani, Dani."

"Nilikuonyesha ili nisipokuwepo, mdomo wako uwe mdomo wangu. Kumbe nilionyesha dirisha."

Alisema kwa sauti ya chini. Afadhali angenichapa. Kwa wiki nyingi hakunituma kitu chochote, hata chumvi.

Baba alilifukua bomba lile kwa mikono yake. Wageni walikuta nyasi kavu na mtaro wazi, wakauruka, wakala, mahari ikazungumzwa. Hakuna aliyeulizia kijani. Mvua za Machi zilipokwisha kuifunga ardhi, Bwana Ouma alirudi, na Dani akamtangulia na fimbo yake, bomba likapitishwa mbali. Kinyunyizio cha nne kiko stoo, ndani ya kopo.

Sasa ni Januari nyingine. Magoti ya Dani yamechoka, na siku aliyonikabidhi kikombe nililia chooni. Wiki iliyopita niliugua, nikakaa siku nne bila kutoka. Siku ya tano nilikwenda pale nikakuta nyasi zimelowa, duara la urefu wa mkono. Hakuna kinyunyizio kinachofika hapo. Nilimwaga maji yangu pia, nikaondoka bila kugeuka.

Kwa hiyo, mwanangu, usichimbie mabomba ya nyasi kwa haraka ya wageni. Ngoja mvua ifunge nyufa. Kisha ngoja tena mpaka arudi anayeijua ardhi hiyo, hata kama ni siku moja, umwache atembee mbele ya jembe. Na kama anayejua ni wewe, sema na shingo yako ikiwaka hivyo hivyo, sauti ikitetemeka, jembe likiwa bado limeegemea ukuta.

Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko wangu, na nyumba ambayo maji yake huenda unakoyaelekeza tu.