Sikio la Pasha

Insaf hakumchukua yule sungura kwa huruma. Alimchukua kwa hasira, na wanaomjua pale Mahalla, mji wa viwanda huko Misri, hawakushangaa, maana tangu aache kazi kiwandani mambo mengi huyafanya kwa hasira, hata kuanika nguo.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi sokoni, siku ambayo kila nyumba hutafuta nyama ya kupikia mlenda wa Ijumaa. Shiha, muuza kuku na sungura, alikuwa amemning'iniza sungura mweupe kwa masikio mbele ya nyuso za wateja, anampuliza manyoya ya tumbo ili waone alivyonona. Jicho moja la mnyama lilikuwa limegandamana kwa tongotongo. Wateja walilitazama lile jicho, wakaenda zao. Shiha akaanza kumkung'uta kama mkeka, kana kwamba jicho lingedondoka na jingine likaota.

"Mshike vizuri wewe!" Insaf akafoka. "Hayo masikio ni ya kusikilizia, si mpini wa sufuria!"

"Hajja, umekuja kununua au umekuja kunifundisha kazi?"

"Sijahiji mimi, usinipe uhaji wa bure. Mlete hapa."

"Mchukue bure hivyo hivyo, hata paka hamtaki. Zidisha kitunguu saumu, jicho halitaonekana mchuzini."

Soko zima likacheka. Insaf akamfunika mnyama kwa mtandio wake, akaondoka huku anawatukania wazazi wao wote waliocheka. Lile jambo la masikio lilimchoma kuliko walivyodhani. Miaka ishirini na miwili alisimama katika kiwanda kidogo cha taulo nyuma ya reli, mitambo ikigonga toka asubuhi hadi jioni, na sikio lake la kushoto likafa. Daktari wa kiwanda akaandika kwamba ni uzee. Siku hiyo Insaf alikuwa na miaka arobaini na moja. Kiwanda kilishafungwa, daktari alishakufa, na hasira imebaki haina wa kupelekewa.

Insaf akampa sungura jina la Pasha, kama mabwana wakubwa wa zamani, kwa sababu alikuwa anakula akiwa amelala. Ghorofa ya chini ya Insaf aliishi wifi yake, Tahiya, mjane wa kaka yake, mwanamke mnene mwenye roho nzuri, ambaye alifuga sungura kumi na wanane juu ya paa la nyumba, wote wa kuliwa. Tahiya pia ndiye aliyewadunga sindano wagonjwa wote wa jengo lile. Watoto walimkimbia, wakubwa walimwombea dua, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi.

"Wifi," Tahiya alimwambia, "sungura mwenye jina haliki. Umeniharibia chakula."

"Hukualikwa."

Wiki mbili Insaf alimwosha Pasha jicho kwa chai kavu iliyopoa, kama kila mtu anavyofanya, na jicho likaendelea kutoa machozi mazito meupe. Kisha Pasha akaanza kujikuna sikio la kulia kwa mguu wa nyuma na kutikisa kichwa. Insaf akachungulia ndani, akaona ukoko na harufu mbaya ikampanda puani. Hakumwuliza mtu. Alipasha mafuta ya zeituni kwenye kijiko, akatia punje ya kitunguu saumu, akasubiri yapoe kidogo, akayamimina yote sikioni. Ndivyo mama yake alivyomfanyia yeye kila jioni lile sikio lake lilipoanza kuvuma. Kwamba halikupona, hilo hakulifikiri.

Siku ya tatu kichwa cha Pasha kililala upande, sikio moja juu, jingine likigusa sakafu. Akitaka kwenda mbele, anazunguka.

Bwana mifugo wa mtaani alimtazama Pasha ndani ya kapu, akacheka mpaka akashika meza. "Mama, mimi natibu nyati wa maziwa. Huyu dawa yake ni mlenda." Insaf alimjibu maneno ambayo hayaandikiki, akapanda treni kwenda Tanta, mji wa jirani, kwa daktari binti aitwaye Shahinaz anayetibu paka na mbwa wa watu.

Shahinaz hakucheka. Alimfungua Pasha kinywa, akamulika tochi. "Mzizi wa jino umerefuka, unabana mrija wa machozi. Ndiyo maana jicho halikauki. Mngeosha kwa chai mpaka Kiyama." Halafu akamulika sikio. "Humu kulikuwa na usaha na ngoma ya sikio imetoboka. Kuna mtu kamimina mafuta. Mafuta yamebeba uchafu wote yakaupeleka ndani kabisa. Nani kafanya hivi?"

Insaf alitaka kumkasirikia mtu, na palikuwa na mmoja tu wa kukasirikiwa.

"Wifi yangu," akasema.

Daktari akaandika. "Basi mwambie huyo wifi asimguse tena sikio. Na mwambie na hili, sikiliza vizuri: anaweza kuanza kubiringika, mbio mbio, bila kusimama. Mtadhani anakata roho. Hafi. Mzungushieni mataulo, mlisheni kwa mkono. Asipokula ndipo atakufa. Dawa ya sindano itafika kesho kutwa, njoo uichukue, usimsumbue mnyama kwa safari."

Insaf alirudi Mahalla na maneno yote yale kichwani, na hakumwambia Tahiya hata moja. Angeanzaje? Mtu haelezi ya kubiringika bila kuelezea ya mafuta, na ya mafuta angeulizwa. Siku ya kwenda kuchukua dawa akamwachia Tahiya kapu la Pasha mlangoni. "Mlishe majani," akasema, "narudi adhuhuri." Akateremka haraka.

Adhuhuri alirudi na chupa ya dawa na sindano mkobani. Kapu halikuwapo. Alisikia sauti ya Tahiya huko juu, inapiga bismillahi kwa kilio.

Alipofika paani alimkuta wifi yake amepiga magoti, mikono ya gauni imekunjwa, kisu kando ya goti, beseni tayari. Pasha alikuwa chini ya kiganja chake. Tahiya alikuwa akimlaza ubavu, anamwelekeza kibla, na kila akimlaza, shingo inajinyonga na mwili mzima unapinduka.

"Umekuja, alhamdulillahi! Nishikie kichwa, haraka!" Tahiya alikuwa analia kweli. "Anakata roho tangu saa nne. Nimeshapiga bismillahi mara tatu, shingo haitulii, na siwezi kumchinja mnyama shingo imekwenda kombo. Nishikie tumuwahi, asifie mikononi akawa kibudu!"

Insaf alikipiga kisu teke kikaenda mpaka kwenye vizimba. Akamnyakua Pasha kifuani, akabweka. "Mchinjaji wewe! Huna unaloliona likihema ukaacha kuwaza sufuria! Nimekuachia saa tatu tu, tatu!"

"Sufuria?" Tahiya akasimama polepole. "Nani angemla huyu mwenye usaha? Nimetaka apumzike kwa jina la Mungu, asitupwe jalalani kama panya. Mnyama wako anajipigiza kutani, nifanye nini, nimwimbie?"

"Hafi! Daktari alisema atabiringika! Alisema tutadhani anakufa na hafi! Dawa yake ya sindano hii hapa mkobani!"

"Alisema lini?"

Sungura mmoja kwenye kizimba alikuwa anatafuna, sauti yake ikasikika paa zima.

"Nakuuliza. Alisema lini?"

"Juzi."

"Juzi. Na wewe leo umeniambia 'mlishe majani.' Kwa nini ulinificha, Insaf?" Hakusema wifi. Miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tupu.

Hapo Insaf alisema, tena kwa kupiga kelele, kwa sababu kwa upole asingeweza. "Kwa sababu ni mimi niliyemtia mafuta! Ni mimi niliyemharibu! Daktari akauliza nani, nikakutaja wewe! Haya, umesikia, furahi!"

Tahiya hakufurahi. Uso wake mpana ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mtu hanijui sura, na amepewa jina langu kwa uchafu nisioufanya," akasema. "Na nilikuwa karibu kumchinja mzima, nibebe na damu yake. Leta sindano."

"Tahiya..."

"Leta sindano, nimesema! Ugomvi wetu yeye haumhusu."

Alivuta dawa, akabinya ngozi ya mgongo wa Pasha kwa vidole viwili, akadunga. Pasha hakushtuka hata kidogo. Kisha Tahiya akaketi sakafuni, akamviringisha kwa taulo, akamsogezea jani la karoti mdomoni mpaka akalitafuna, na muda wote huo hakumtazama Insaf.

Kila asubuhi kwa wiki nzima alipanda, akadunga, akalisha, akateremka, kimya. Pasha aliacha kubiringika. Siku ya nane Tahiya alikuja amevaa gauni la kutokea. "Tunakwenda Tanta wote."

Shahinaz alimulika sikio, akaridhika. Kichwa huenda kikabaki kombo maisha, alisema, lakini ataishi, na jino watalishughulikia akipata nguvu.

"Daktari," Insaf akasema. "Yale mafuta. Ni mimi."

"Mafuta yapi, mama? Ah. Haidhuru, yamepita."

"Inadhuru," akasema Tahiya. "Mimi ndiye wifi. Nifute humo."

Binti aliwatazama wote wawili, akachukua kalamu, akakata, akaandika juu yake. Tahiya akaiomba ile karatasi. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini aliitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza kwa Insaf, mbele ya watu wote waliojaa kwenye mabenchi na paka wao.

"Nisomee."

Insaf akasoma kwa sauti ndogo, "Mafuta yalitiwa na mwenye sungura."

"Sikusikia," akasema Tahiya.

Insaf akasoma tena.